Injini Iliyokunywa Mto

Pikipiki ile ilikuwa ya serikali na mwenye kuiendesha alikuwa mume wangu, lakini aliyeijua tumboni ni mimi. Hilo halikuwa siri pale kwetu Kasikeu. Wanaume waliopita njiani kwenda sokoni walizoea kunikuta nimepiga magoti kando yake, leso kiunoni, mikono myeusi hadi viwikoni, na waliponisalimu waliuliza habari za mgonjwa kabla ya kuuliza habari za watoto.

Ufundi niliupata kwa baba yangu. Alikuwa na mashine ya posho pale Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na Mungu alimpa mabinti watano bila mvulana hata mmoja wa kumshikia spana. Dada zangu waliziba pua. Mimi nilipenda ile harufu ya dizeli ikichanganyika na unga wa mahindi, nikakaa. Nilipofika umri wa kuolewa niliweza kusikia injini ikikohoa nikiwa dukani ng'ambo ya barabara na kujua kinachoiuma. Mama mkwe wangu alipoambiwa kuwa mwanawe anaoa msichana anayejua kupika, kuimba na kufungua injini, alisema hayo mawili ya kwanza yanatosha.

Mume wangu alikuwa afisa wa mifugo, na serikali ilimpeleka Tseikuru, kule juu kabisa Kitui, ambako mtu akiwa na shida huuza mbuzi na akiwa na furaha huchinja mbuzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka boma kwa boma na kisanduku cha barafu chenye dawa za chanjo. Kwa ajili hiyo alipewa pikipiki, ile ndefu ya matairi yenye meno, iliyotengenezewa mchanga na matope. Mimi nilibaki Kasikeu kwa mama yake, na mabinti wetu wawili na shamba la mahindi na mbaazi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Wakamba wa rika langu. Mume akipata kazi huenda, mke hubaki kushika boma la mume, na mke aliyefunga virago kumfuata mumewe kazini alisemwa hadi kisimani kwamba amemwachia mama mkwe moto uzimike. Hakuna aliyenikataza kwenda Tseikuru. Haikuhitaji kukatazwa.

Alikuja kila mwisho wa mwezi. Alifika Ijumaa jioni akiwa mwekundu kwa vumbi, na Jumatatu kabla jua halijatoka alikuwa ameshaondoka. Jumamosi ilikuwa ya pikipiki: aliniletea cheni iliyolegea, au valvu zinazogonga, au breki zinazolia, nami nikatengeneza huku yeye ameketi juu ya debe akinipasha habari za Tseikuru. Jumapili ilikuwa ya kanisa. Kilichobaki ndicho kilichokuwa changu.

Nilimtamani yule mtu. Naandika hivyo bila kuona haya kwa sababu nimezeeka, yeye tumemzika, na mama mkwe hayupo tena wa kunikoholea. Nilimtamani hata alipokuwa amekaa mbele yangu, kwa maana tayari nilikuwa nahesabu saa. Lakini sisi watu wa kanisa tulikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mungu na machache sana ya kumwambia mume. Mke kumwambia mumewe asiende kulionekana ni kudeka, na mwanamke anayelima shamba zima peke yake hana pa kudekea. Basi nilikaza nati zake, nikamfungia chakula, nikamwambia aende salama.

Novemba moja, wakati Makueni ilikuwa bado ndani ya Machakos, mvua ilikuja kwa hasira. Chini ya soko letu kuna mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima ni mchanga tu, na watu huchimba visima humo ndani. Ila mvua ikipiga milimani, maji huteremka kwa mkupuo huku kwetu jua linawaka. Kila mtoto wa hapa anajua dalili: kwanza povu na vijiti vikavu vinateleza juu ya mchanga, halafu mlio, halafu hakuna muda tena. Mume wangu alifika ukingoni akaliona povu. Aliona pia moshi wa jiko langu ng'ambo, ndivyo alivyoniambia baadaye, akajiambia kwamba maji yakifika kifundo cha mguu yeye atakuwa ameshavuka.

Yalimkuta katikati. Pikipiki ililala ubavu, yeye akang'ang'ania usukani, na wanaume waliokuwa ukingoni wakingoja mto upite wakamtupia kamba. Waliwatoa wote wawili, mtu na chombo, wamejaa mchanga. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo siku ile sikumsamehe. Akiwa bado anatetemeka, alipiga kiki. Alipiga tena na tena, akitaka afike nyumbani akiendesha kama mwanamume, hadi kiki ikagoma kushuka.

Wakaileta wakisukuma. Nilipoona maji yanachuruzika kwenye ekzosi nilimuuliza kama amejaribu kuiwasha. Akasema amejaribu kidogo tu. Nilimpa vipande vyake mbele ya wale wanaume wote. Nilimwambia injini iliyokunywa maji haipigwi kiki, kwa sababu pistoni ikipanda hukuta maji, na maji hayakubali kubanwa kama hewa, kwa hiyo kitakachopinda ni chuma. Nilisema mengi kuhusu mali ya serikali. Alisimama pale akitiririka maji, akiitikia kila neno. Nilipomaliza nilienda nyuma ya ghala, nikajifunika uso kwa leso, nikalia, kwa sababu kama ile kamba ingekuwa fupi wangekuwa wameniletea maiti.

Jumamosi asubuhi nilianza kazi. Nilitoa plagi, nikaisukuma kiki kwa mkono, polepole, na tundu la plagi likatema maji ya kahawia yakafika hadi kizingiti cha mama mkwe. Nikamshukuru Mungu, maana kiki ilishuka hadi chini na hakuna kilichopinda. Nilifungua nati ya tumboni. Yalitoka maji kwanza, kisha oili, nayo ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilimimina mafuta taa ndani, nikazungusha, nikamwaga. Nikarudia, nikarudia tena, hadi yakatoka jinsi yalivyoingia. Petroli yote ya tangi niliitoa kwenye beseni ili maji yajitenge chini. Sifongo ya kuchuja hewa niliifua kwa sabuni nikaianika kambani pamoja na sare za watoto. Tuliinua gurudumu la mbele, mimi na yeye, na ekzosi ikatapika mto uliobaki. Platini, vile vyuma viwili vinavyoipa plagi cheche, nilizipangusa nikaziacha jua lizipige.

Kabureta niliiweka mwisho. Ndani yake mlikuwa na tope laini la mtoni, na jeti, kile kidude cha shaba chenye tundu jembamba la kupitisha petroli, kilikuwa kimeziba kabisa. Chenyewe ni kidogo kama punje ya ndengu. Baba alinikataza kukizibua kwa waya, kwa maana waya hupanua tundu na injini ikaanza ulafi. Nilichomoa unywele kwenye mkia wa ng'ombe wa jirani, ng'ombe akanipiga teke, na unywele ukapita.

Jumapili tulienda kanisani. Jumatatu mchana kila kitu kilikuwa kikavu. Fundi yeyote mwenye haya angeifunga ile injini, akatia oili mpya, akaiwasha, na Jumanne mwenyewe akaenda zake. Jumatatu hiyo mume wangu alikuja akachuchumaa kando yangu, akauliza itachukua siku ngapi. Nilikuwa na spana namba kumi mkononi. Niliipangusa kwa kitambaa. Kisha nikasema mchanga umeingia ndani sana, itanibidi nifungue hata mahali ambapo sikutaka kufungua.

Aliitikia kwa kichwa haraka kuliko nilivyotegemea, akaenda kwa chifu kuomba ujumbe upelekwe ofisini kwao kwamba chombo ni kigonjwa. Ndivyo nilivyoanza kuwa mwongo.

Sijawahi kuwa na wiki kama ile, si kabla wala baada. Kila asubuhi nilitandika gunia uani, nikapanga vyuma, nikaosha vyuma vilivyokuwa safi. Jua likipanda tulienda pamoja kupalilia mbaazi, tukagombana kuhusu mistari, kwa sababu alikuwa amesahau kulima na hakutaka kukiri. Saa nne tulikunywa chai. Mlango wa ghala, ambao nilikuwa nimeutaja mwisho wa kila mwezi kwa miaka miwili, aliutengeneza Jumanne kabla ya chakula. Aligundua kwamba binti yetu mdogo huimba akiwa na hofu. Mimi niligundua kwamba yeye akilala mchana hukoroma, jambo ambalo katika miaka sita ya ndoa sikuwa nimepata nafasi ya kulijua. Nilikaa kando yake nikimsikiliza akikoroma hadi ugali ukaungua.

Mama mkwe naye alibadilika. Sauti yake ilipungua miaka. Alimwita mwanawe kila baada ya muda mfupi, aje amshikie hiki, aje amwonyeshe kile, na asipokuwa na la kumwonyesha alimwita tu aone kama ataitika.

Jumatano sikuwa na cha kuosha tena. Vyuma vyote viling'aa, na mume wangu alikuwa ameuliza asubuhi, kwa upole, kama leo nitafunga. Mama mkwe alikuwa ameanika ndengu kwenye gunia lililokuwa jirani na langu, na kuku walikuwa wakitembea kati ya magunia hayo mawili wakidonoa. Niliichukua jeti, nikaifunga kwenye pindo la leso, pale tunapofunga sarafu, nikaita watu kwamba kuku amemeza kidude cha kabureta.

Sikuwa nimepanga zaidi ya hapo. Nilidhani tutasikitika, kisha tutaagiza kingine Nairobi, na kuagiza ni wiki nzima au zaidi. Sikumhesabu mama mkwe. Alikuwa mwanamke wa vitendo, kiongozi wa akina mama kanisani, na shida kwake ilikuwa kitu cha kushikwa mbawa. Aliniuliza ni kuku yupi. Nikababaika, nikasema sikumwona vizuri, nadhani ni yule mwekundu. Basi yule mwekundu alikuwa na tabia ya kula mayai yake mwenyewe, na mama mkwe alikuwa anamtafutia kosa tangu Agosti. Kabla sijatamka neno la pili kuku alikuwa mkononi na maji yalikuwa motoni.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba wa nyumba. Mwanamke hailambi wala haigawi. Kwa kawaida mpishi huipasua na kuisafisha kabla ya kupika, lakini siku ile mama mkwe alikataa. Alisema firigisi ni ya mwenye nyumba na kidude nacho ni cha mwenye nyumba, kwa hiyo apasue mwenyewe. Akamletea mbichi, kwenye sahani ya bati, na kisu kando.

Mume wangu aliipasua pale pale uani. Mlikuwa na changarawe, mahindi, ndengu nne au tano, na kipande cha kioo cha kijani. Alivisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, bila haraka, akavipanga ukingoni mwa sahani. Mimi nilikuwa nimelibana pindo la leso mkononi. Alipomaliza aliinua macho akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama manyoya.

"Haimo," akasema. Akapangusa kisu kwenye nyasi. "Labda si huyu. Tungoje tu kidogo, tuone yule mweusi anatembea namna gani."

Mama mkwe alimtazama yeye, akanitazama mimi, akachukua firigisi akaenda kuitia chumvi. Jioni wakati wa maombi aliiombea injini kwa kirefu, kama alivyokuwa akiwaombea wagonjwa, na alipofika mwisho alisema Bwana aiponye kwa wakati wake Bwana, si kwa wakati wa wanadamu. Nilisema amina huku nimekalia pindo la leso.

Nilijua kwamba mume wangu amejua. Yeye alijua kwamba nimejua. Alhamisi na Ijumaa zilizofuata ndizo siku ninazozikumbuka ninapokuwa peke yangu, yaani karibu kila siku sasa. Tulienda sokoni pamoja mchana, tukitembea sambamba, jambo ambalo watu wazima wa kwetu hawakulifanya sana, na alininunulia soda tukainywa tukiwa tumesimama. Tulizungumza habari za watu, za mvua, za binti mkubwa na hesabu zake. Pikipiki hatukuitaja. Kuku mweusi alitembea vizuri kabisa, na kila alipopita mume wangu alimkagua kwa makini kama daktari, akatikisa kichwa, akasema bado hana hakika. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nilikuwa na furaha, na katikati ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kinachonichoma kama mwiba wa samaki, kwa sababu nilijua furaha yenyewe nimeiiba, ila bado sikujua nimeiiba kwa nani.

Nilijua Jumamosi. Kabla ya saa nne askari wa chifu alifika na baiskeli. Ujumbe ulikuwa umepitia redio ya polisi kutoka mji wa Mwingi, naye aliusoma kwenye karatasi kwa sauti ya mnadani. Mbuzi wa Tseikuru walikuwa wanakohoa na kufa. Chanjo ilikuwa imefika, iko kwenye friji, na aliyetakiwa kuichoma hakuwepo. Watu walikuwa wameanza kukusanya mifugo tangu Jumatano; walingoja juani kutwa, wakaswaga mbuzi wao kurudi nyumbani, na kesho yake wakafanya vivyo hivyo.

Tangu Jumatano. Siku ambayo mimi nilichinjisha kuku kwa uongo. Nilimwona mwanamke fulani wa Tseikuru nisiyemjua, amesimama kwenye vumbi na mbuzi wake, karo ya watoto wake na chakula chake cha kiangazi vyote vinakohoa mbele ya macho yake, anatazama barabara. Na barabara ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso yangu. Nilikuwa tayari kuulipia ule uongo kwa mama mkwe, hata kwa Mungu. Lakini sikuwa tayari mwanamke yule alipie hamu yangu.

Ningeweza kujifanya nimekiokota kidude chini ya gunia. Sikuona haja. Nilifungua fundo mbele ya mume wangu na mama yake, nikanyoosha mkono.

"Iko hapa," nikasema.

Aliipokea, akaiinua juani, akachungulia kwenye tundu. Alisema ni safi. Kisha akachuchumaa kwenye gunia langu, akachukua kabureta, akaanza kuifunga yeye mwenyewe. Nilisimama nikimtazama. Aliirudisha jeti bila kuikaza kupita kiasi. Aliweka boya mahali pake, akakumbuka ile pini ndogo ambayo kila asiyejua huisahau, akafunika, akakaza skrubu moja upande huu na moja upande ule ili kifuniko kisipinde. Hakuniuliza lolote. Vidole vyake viliijua njia.

"Kumbe unajua," nikasema.

"Tulifunzwa huko chuoni," akasema bila kuinua uso. "Kidogo."

Nikaanza kuhesabu Jumamosi zote. Cheni zilizolegea, valvu, breki zinazolia, ile plagi ambayo alikuja nayo mfukoni akidai haijui upande wa juu wala wa chini. Kila moja angeweza kuimaliza huko huko Tseikuru kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alizibeba zote, kutoka juu ya Kitui hadi Kasikeu, azilete mbele yangu, aketi juu ya debe. Nilichukua oili mpya nikaimimina, yeye akarudisha tangi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tulifanya kazi juu ya injini moja, vichwa vyetu karibu kugusana, hadi saa nane ikawa tayari.

Mama mkwe alikuwa amemfungia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na lile paja la mwisho la kuku. Alimbariki, akasogea hatua tatu, akabaki amesimama. Askari wa chifu alikuwa bado anakunywa chai. Mume wangu alivaa kofia yake ya kuendeshea, akawa anafunga ukanda wake chini ya kidevu, na ulimchukua muda.

"Mwezi ujao," alisema polepole, "kama mvua itakuwa bado, nitapitia tu hapo mtoni."

Nilielewa anachoniuliza, kama nataka injini inywe mto tena ili abaki. Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nalo tangu siku niliyoolewa, na lilikuwa fupi. Lakini niliiona ile kamba waliyomtupia, nikawaona mbuzi, nikayaona macho ya mama mkwe, na ulimi wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Pitia daraja," nikasema. "Siku moja utakufa hapo utuachie pikipiki."

Daraja liko chini kabisa, karibu na barabara kuu, na kulifuata kulimwongezea saa nzima. Alinitazama kidogo, akatabasamu, akasema sawa, mama watoto.

Injini iliwaka kwa kiki ya pili. Nilisimama kando ya njia nikaisikiliza ikiondoka. Fundi husikia kasoro hata asipotaka, na mimi siku ile nilikuwa nataka. Nilingoja ikohoe akibadilisha gia, haikukohoa. Nilingoja ikose pumzi kwenye kilima cha soko, ikapanda bila kubadilisha sauti. Niliifuata kwa masikio hadi kukawa hakuna tofauti kati yake na nyuki. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri.

Mwezi uliofuata alinieleza kwamba boma kadhaa zilipoteza mbuzi kabla hajafika. Alisema alivyokuwa akisema habari zote za Tseikuru, ila safari hii hakunitazama, nami sikuuliza ni ngapi. Jumamosi ile hakuleta cheni wala plagi. Alikuwa amejitengenezea kila kitu huko huko, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha. Tulikaa uani tukamenya mbaazi, na mazungumzo yetu yalikuwa ya adabu.

Aliendelea na Tseikuru miaka tisa mingine, hadi serikali ilipopunguza watu akarudi nyumbani kabisa, mwenye mvi na mgongo mbaya. Katika miaka hiyo tisa kulikuwa na Novemba nyingi, na mto ulishuka kwa hasira katika karibu zote. Nilisimama jikoni nikausikia, nikajikuta nikiomba mambo ambayo mke wa mtu hapaswi kuyaomba. Nilimwambia mara moja tu apitie daraja, na katika maneno yote niliyowahi kumkemea nayo, hilo ndilo alilolishika. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alifika kwa kuchelewa saa moja, viatu vyake vikiwa vikavu, na Jumatatu akaondoka.